Unataka kuacha kazi Marekani ufungue biashara yako? Usiitupe slipi ya mshahara mapema

Kila nikikaa na watu lazima mmoja aniulize nawezaje kuacha kazi nifungue kampuni yangu, na ukimwangalia vizuri unakuta ameshachoka na bosi, amechoka kuahidiwa cheo kila mwaka halafu kinaenda kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndo alimfundisha kazi, sasa ukimwambia subiri kidogo anakuona umetumwa. Mi niliacha kazi ya ofisini Dallas nikafungua kampuni ya usafi wa maofisi, na kama ningeambiwa nirudie ningebadilisha kitu kimoja, ningeitumia ile slipi ya mshahara vizuri kabla haijafa.

Manake benki za huku hazikukopeshi kwa sababu una akili ya biashara, zinakukopesha kwa sababu kuna karatasi inasema kila baada ya wiki mbili hela inaingia. Ukishajiajiri, wakopeshaji wengi wa nyumba wanataka waone ritani za kodi, zile fomu unazojaza kila mwaka, za miaka miwili kwanza, hata kama unaingiza mara mbili ya ulichokuwa unalipwa. Na sisi watu weusi hapo tunaumia zaidi, tafiti za Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, kuhusu biashara ndogo zinaonyesha kila zikitoka kwamba wenye biashara weusi wananyimwa mikopo kuliko wazungu, halafu wengi wetu hatuna mzee mwenye nyumba ya kuweka rehani wala mjomba wa kukutupia $20,000 uanzie. Kwa hiyo mtaji wako wa kwanza ni hiyo kazi unayoichukia. Kama kuna nyumba unataka kununua, gari la kazi, kadi ya krediti yenye riba nafuu, shughulikia ukiwa bado umeajiriwa, na madeni ya kadi yapunguze kabisa. Ila usidanganye kwenye fomu, ukiulizwa kama kazi inaendelea na barua ya kuacha umeshaiandika, kusema uongo kwa mkopeshaji ni kosa la jinai, usijitie matatizoni.

Biashara yenyewe ianze jioni na wikendi. Madam C.J. Walker, yule mama wa dawa za nywele ambaye kila mtu anamtaja akishatajirika, alifua nguo za watu miaka na miaka St. Louis, na alipofika Denver mwaka 1905 aliendelea na kazi ya kupika huku anauza dawa zake. Hakuacha kazi kwa hasira. Kabla hujaanza soma mkataba wako na kile kitabu cha sheria za kazini, kuna waajiri wanataka uwaambie ukiwa na kazi ya pembeni, kuna mikataba inakukataza kuchukua wateja wao au kushindana nao ukishaondoka, California makatazo ya kushindana hayana nguvu lakini kwenye majimbo mengi yana nguvu kiasi fulani. Na kompyuta ya kazini usiiguse kwa mambo yako, hata imeili moja.

Makaratasi watu wanayaogopa bure. LLC, yaani kampuni inayotenganisha mali yako na madeni ya biashara, unasajili mwenyewe kwenye tovuti ya jimbo lako, Texas ni $300, Kentucky $40, California jiandae kwa $800 ya kila mwaka. EIN, namba ya kodi ya biashara, unaipata IRS, mamlaka ya kodi, bure kabisa kwa dakika chache, ukiona tovuti inakutoza hela ya EIN funga haraka. Halafu akaunti ya benki ya biashara peke yake, sio unanunua sabuni za kazi na viatu vya mtoto kwenye kadi ile ile, siku ukishtakiwa wakili wa upande wa pili atasema hiyo LLC ni jina tu, na hatakuwa amekosea sana.

Sasa kodi, hapa ndo mimi niliposhikwa. Ukiajiriwa bosi analipa nusu ya Social Security na Medicare, makato ya pensheni na bima ya wazee ya serikali, na we unakatwa nusu, hata hujui. Ukijiajiri zote ni zako, 15.3%, na hiyo ni mbali na kodi ya mapato. Yaani ukipata faida ya $40,000 wanachukua 92.35% yake ndo wanapigia hesabu, inakuja kama $5,650, na kodi ya mapato bado hujaanza. Mwaka wangu wa kwanza sikuweka hata senti, nikakaa mezani na yule mtu wa kodi anageuza skrini ya kompyuta nione namba, nikamwambia rudia, akarudia, namba ile ile. Na faini juu, sababu ukitegemea utadaiwa $1,000 au zaidi IRS wanataka ulipe kidogo kidogo mara nne kwa mwaka, 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Siku hizi mteja akilipa tu, siku hiyo hiyo asilimia 30 inaenda akaunti ya pili ambayo sina kadi yake.

Bima ya afya nayo ipigie hesabu kabla, sio baada. Sheria ya COBRA inakuruhusu kubaki na bima ya kazini kwa kawaida miezi 18 kama mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, ila unalipa mpaka 102% ya gharama yote, ukiona hiyo bei ndo utajua bosi alikuwa anakulipia kiasi gani. Wengi wanaenda HealthCare.gov, soko la bima la serikali, au soko la jimbo lao, una siku 60 tangu bima ikatike, usizichezee. Meno, macho, vipimo, maliza wakati bado una bima ya kazini. 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, iache au ihamishie IRA, akaunti yako binafsi ya uzeeni, ukiitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida ni kodi na adhabu ya 10% juu, na kama uliikopa uliza deni linakuwaje ukiondoka.

Kuna hili la rangi ambalo vitabu vya biashara havikwambii. Nilienda kukagua ofisi moja tupewe tenda, nimeongozana na kijana wangu wa kazi, mzungu, miaka kama 22. Meneja akampa mkono yule kijana akaanza kumweleza bei wanayotaka. Kijana kaniangalia, kaniashiria na kidevu. Sikusema kitu, nikatoa tepu nikaanza kupima ukumbi, nikamuuliza meneja sakafu hii mara ya mwisho ilipigwa waksi lini, hakujua. Tenda tukapata, lakini kosa langu ni kwamba nilivyorudi nyumbani nikashusha bei kwa woga, eti wasije wakaghairi, nikafanya ile kazi mwaka mzima karibu bure. Bei ya woga usiitoe. Piga hesabu ya masaa, vifaa, kodi, bima, weka faida yako, tuma, nyamaza.

Na nenda na cheti cha bima ya biashara mkononi kabla hawajakiomba, kinafunga midomo. Ila isome hiyo bima, hasa kale kasehemu ka vitu wasivyolipa. Greenwood, mtaa wa weusi kule Tulsa, Oklahoma, mwaka 1921 kundi la wazungu lilichoma maduka mtaa mzima, wenye mali wakaenda kudai, kampuni za bima zikasema ni ghasia, ghasia hatulipi.

Misaada ya bure usiijengee mpango. Mfuko wa Fearless Fund wa Atlanta ulikuwa unatoa $20,000 kwa wanawake weusi wenye biashara, wakashtakiwa 2023 kwamba wanabagua kwa rangi, mahakama ya rufaa ikawazuia Juni 2024, Septemba wakafunga ule mpango. Hata 8(a), mpango wa serikali kuu wa kuwapa tenda wafanyabiashara wadogo waliobaguliwa, baada ya hukumu ya 2023 huko Tennessee kuwa mweusi peke yake hakukutosha tena, watu wakatakiwa kuandika maelezo ya jinsi walivyobaguliwa. Hela ya kukopa iko, mikopo midogo ya SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, inafika $50,000 na inapitia mashirika yasiyo ya faida, CDFI, wakopeshaji wa maeneo yaliyosahauliwa na benki, wanakusikiliza pale benki kubwa ilipokukataa, Kiva, mtandao wa watu kukopesha biashara ndogo, wanatoa mpaka $15,000 bila riba. Na SCORE, shirika la washauri wa kujitolea, wanakupa mshauri bure, wengine ni wastaafu wazee wanaongea sana, vumilia, wangu ndo aliyenifundisha kuandika mkataba.

Lini uondoke? Kipimo changu, biashara iwe imelipa nusu ya matumizi ya nyumbani miezi sita mfululizo bila kuruka, na akiba ya miezi sita ipo. Mwenzangu anasema miezi mitatu inatosha, yeye mke wake ni nesi. Bonasi kama inatoka Machi usiache Februari. Na kabla hujamwambia bosi, pakua slipi zote za mshahara, W-2 za nyuma, zile fomu za mshahara wa mwaka, na karatasi za 401(k), maana kuna sehemu ukishatoa barua asubuhi, mchana ukijaribu kuingia neno la siri halifanyi kazi.