Depo ya pili Katuba au lori la Kasumbalesa? Namna ya kupima faida na hatari

Jambo sana. Mama mmoja anayeuza unga wa bukari (ugali) hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, amekusanya dola 2,000 na anataka kupanua biashara. Afungue depo ya pili komini ya Katuba, au aanze kuagiza mwenyewe kwa lori kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa? Ameniruhusu nitumie hesabu zake.

Hatua ya kwanza ni daftari. La kwake lina miezi 20: sita mizuri, kumi ya kawaida, minne mibaya. Gawa kwa 20, upate uwezekano wa 0.3, 0.5 na 0.2. Kwa Katuba amekadiria faida ya dola 600, 400 au 200 kwa mwezi. Dada yake, anayeagiza kwa lori, alimwazima daftari lake: miezi minane ya dola 1,400, minane ya 500, na minne ya hasara ya 1,100, yaani uwezekano wa 0.4, 0.4 na 0.2. Kwenye miezi ile minne ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: "mpaka".

Hatua ya pili, zidisha kila faida kwa uwezekano wake, kisha jumlisha. Hiyo ndiyo thamani tarajiwa.
Katuba: 180 + 200 + 40 = 420.
Lori: 560 + 200 − 220 = 540.

Wengi huishia hapa na kukimbilia lori. Nakusihi usifanye hivyo. 540 ni wastani wa miezi mingi. Hakuna mwezi hata mmoja utakaokuletea 540.

Hatua ya tatu ni mkengeuko sanifu, yaani faida hutawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Katuba, tofauti ni 180, −20 na −220. Zidisha kila moja kwa yenyewe, halafu kwa uwezekano wake: 9,720 + 200 + 9,680 = 19,600. Kipeuo chake cha pili ni dola 140. Fanya vilevile kwa lori, utapata kama 913.

Sasa gawanya mkengeuko kwa thamani tarajiwa. Katuba 0.33, lori 1.69. Kila dola inayotarajiwa kwenye lori imebeba hatari mara tano hivi ya ile ya Katuba. Mimi, kwa mtaji wa dola 2,000, ningeenda Katuba: miezi miwili mibaya mfululizo ya lori ni hasara ya 2,200, na mtaji umekwisha.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini kuzidisha tofauti kwa yenyewe? Si tujumlishe tu?
Jaribu, mama, kila tofauti ya Katuba mara uwezekano wake: 54 − 10 − 44 = 0. Kila mara itakuwa sifuri, maana za juu na za chini zinafutana.

Miezi miwili mibaya mfululizo ni 0.2 × 0.2, yaani 0.04. Si kidogo hiyo?
Ingekuwa kidogo kama miezi haijuani. Lakini kaka, mwezi mbaya wa lori una chanzo chake. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache tu. Lakini ukame wa mwaka huohuo uliharibu mahindi yao, na mavuno yakishakufa, hungoji mwezi mmoja, unangoja msimu. Mwezi mbaya huvuta mwenzake, kwa hiyo 0.04 inakudanganya.

Nihesabu kwa franka au dola?
Dola. Franka ikishuka, daftari litaonyesha faida ambayo haipo.

Nikigawa mtaji nusu kwa nusu?
Thamani tarajiwa inakuwa 480. Mkengeuko hauwezi kutafutwa kwa kujumlisha nusu mbili, kwa sababu depo na lori vinategemea mpaka uleule. Ila angalia jambo hili: mpaka ukifungwa, mwenye mifuko ya kilo 25 stoo huuza kwa bei ya juu wakati lori limekwama. Pekua daftari zote mbili, mwezi kwa mwezi, uone kama depo ilipata katika ile miezi minne ya kalamu nyekundu. Ikiwa ilipata, nusu kwa nusu ina maana. Niletee hizo namba tuzikokotoe pamoja.