Jinsi ya Kumkamata Chaza Jitu katika Animal Crossing: New Horizons

Kati ya viumbe 40 wa baharini wa mchezo huu wa video, hakuna anayeuzwa ghali kama chaza jitu, ambaye mchezo unamwita Gigas giant clam: Bell 15,000 (Bell ndiyo fedha ya mchezo). Wengi wanamkosa kwa sababu wanamkimbiza. Yeye ana kasi kuliko wewe, kwa hiyo mbio hazisaidii. Kinachomshinda ni kubanwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni msimu wake

Kisiwa cha kizio (nusu ya dunia) cha kaskazini humpata kuanzia Mei hadi Septemba, cha kusini kuanzia Novemba hadi Machi, mchana na usiku. Kinachohesabika ni kizio ulichochagua ulipoanza mchezo, si mahali unapoishi. Msimu ukiwa umepita kwako, panda ndege uende kwa rafiki mwenye kisiwa cha kizio kingine na uzamie huko. Njia hii ni salama kuliko kuchezea saa ya kifaa, kwa maana ukirudisha saa nyuma, tanipu zako zote, zile mboga za kununua na kuuza kwa faida, zinaoza.

Hatua ya 2: Vazi la kuzamia

Kuzamia kuliongezwa na sasisho la Julai 2020, kwa hiyo mchezo wako uwe umesasishwa. Vazi lipo kwenye duka la Nook's Cranny kwa Bell 3,000, au kwenye mashine ya Nook Stop kwa Maili 800 (pointi za mchezo). Miwani ya kuogelea ni pambo tu. Vaa, simama ukingoni ukielekea baharini, bonyeza A.

Hatua ya 3: Soma kivuli kabla ya kukifuata

Tafuta mapovu yanayopanda juu ya maji, kisha bonyeza Y kuzama. Unachotaka ni kivuli kikubwa kabisa kinachotoroka kwa kasi sana. Kivuli kikubwa kisichosogea kamwe huenda ni mwani, wa Bell 600 tu. Mei na Juni kaskazini kuna pia kambamti, ambaye naye ana kivuli kikubwa na mbio. Usimwache, ni Bell 4,500.

Vivuli vidogo vipite kwanza. Ila ukiokota kombe la skalopu, Pascal, yule fisi maji, anaweza kujitokeza kuliomba, na zawadi zake ni nzuri: lulu, mavazi au maelekezo ya kutengeneza vitu vya nguva. Mpe.

Hatua ya 4: Mbane kwenye kamba

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Eneo la kuogelea limezungushiwa kamba yenye maboya, na chaza hawezi kuivuka. Basi:

1. Ukishamtambua, ibuka. Pumzi ni chache, na ikiisha utapandishwa juu upende usipende, mara nyingi ukiwa umebakiza kidogo tu kumgusa.
2. Ogelea juu ya maji, ukishikilia A, mpaka yeye awe katikati yako na kamba. Usipite juu yake moja kwa moja. Zunguka kwa mbali.
3. Zama na umsogelee kwa kijiti cha kushoto. Atakimbia kukukwepa, yaani kuelekea kwenye kamba.
4. Akianza kuambaa na kamba, usimfuate kwa nyuma. Kata kona: elekea pale anapokwenda, si pale alipo.
5. Mguse tu, anakamatwa. Hakuna kitufe cha kubonyeza.

Pumzi ikikata kabla hujamfikia, tafuta mapovu upya, rudi namba 2 ya orodha hii na ujipange tena. Kosa la kawaida ni kuzama papo hapo, popote ulipoibukia; hapo unamsukuma kwenye maji wazi, na kila jaribio linakuwa gumu kuliko lililotangulia. Pande mbili za kamba zinapokutana ni bora zaidi, kwa sababu hapo anabaki na njia moja tu ya kupenya, nayo unaiziba wewe.

Hatua ya 5: Peleka makumbusho, kisha uza

Wa kwanza mpe Blathers, bundi wa makumbusho. Wa pili na kuendelea wauze ndani ya duka la Nook's Cranny, kati ya saa 2 asubuhi na saa 4 usiku. Ukitumbukiza kwenye sanduku la nje duka likiwa limefungwa, unalipwa asilimia 80, yaani Bell 12,000 badala ya 15,000. Usimsubiri C.J., mgeni anayekuja kisiwani mara kwa mara: yeye ananunua samaki peke yao.