Mabibo yanaoza shambani halafu tunanunua mkaa? Fanya gesi ya kupikia hivi

Huku kwetu Mtama, mkoa wa Lindi, msimu wa korosho ukifika ukipita chini ya mikorosho unakanyaga mabibo tu, yale matunda yanayobeba korosho, nzi kibao, korosho tunaokota bibo tunaliacha pale pale. Machache yanakuwa uraka (pombe ya mabibo), machache yanaanikwa yawe kochoko, yaani mabibo makavu, mengine yote yanaoza. Na bibo moja lina uzito mara kadhaa ya korosho yake, piga hesabu mwenyewe mzigo tunaotupa. Mi huu msimu wa nne napikia gesi yake.

Vifaa: tangi la plastiki la lita 1000 na lingine la 750, yote kata juu. Dogo linageuzwa kichwa chini ndani ya kubwa, ndo linanasa gesi, ikijaa linapanda lenyewe. Kitako chake toboa uweke koki na mpira wa gesi. Bomba la kulishia lifike chini kabisa ya tangi kubwa, la kutolea tope liwe upande wa pili karibu na juu. Weka juani, bakteria wa gesi wanapenda joto la nyuzi 30 mpaka 40.

Hatua ya 1, samadi. Usianze na mabibo! Tafuta samadi mbichi ya ng'ombe, wafugaji siku hizi wapo huku, ongea nao vizuri wanakupa. Koroga na maji nusu kwa nusu, jaza, subiri kama wiki tatu. Gesi ya kwanza iachie yote iende, haiwaki vizuri na mle ndani bado kuna hewa, hewa na gesi vikichanganyika ukawasha kiberiti inalipuka. Tangi likipanda mara ya pili ndo ujaribu.

Hatua ya 2, kulisha, na hapa ndo wengi wanaharibu. Mle ndani kuna bakteria makundi mawili, wa kwanza wanakula sukari wanatoa asidi, hao wepesi balaa, wa pili wanaichukua ile asidi wanatoa methani, ndo gesi yenyewe inayowaka, hao wanaenda pole pole. Bibo limejaa sukari kwa hiyo ukimwaga mengi kwa mpigo wa kwanza wanawaacha wa pili mbali, asidi inajaa, methani inakata. Msimu wangu wa kwanza nilimwaga ndoo tatu siku moja, tamaa tu, siku ya nne tangi limelala halinyanyuki, nafungua bomba harufu ya siki ikanipiga puani, mke wangu akarudi kwenye mkaa wiki tatu nzima. Iliniuma sana.

Sasa hivi naanza na nusu kilo kwa siku, yametwangwa kwenye kinu, kila wiki naongeza nusu mpaka kilo mbili, basi. Na samadi kidogo kila siku lazima, maana ule ukakasi wa bibo unaokukamata kooni ni tanini, na bakteria wa methani hawaipendi. Nunua karatasi za kupima pH, yaani kipimo cha asidi, 7 ni safi, ikishuka chini ya 6.5 acha kulisha, weka samadi na maji ya majivu kidogo kidogo. Maganda ya korosho usithubutu kuweka, yale mafuta yanayobabua vidole yanawaua hawa bakteria.

Hatua ya 3, jiko. Gesi hii haina nguvu kama ya mtungi, methani ni asilimia 50 hadi 70, kwa hiyo kile kitundu cha jiko kipanue taratibu mpaka moto uwe wa bluu. Mpira upitie kwenye chupa ya maji kwanza ili moto usirudi tangini. Ikinuka yai viza ipitishe kwenye kipande cha bomba chenye stili waya iliyoshika kutu.

Mabibo yakiisha nalisha kochoko, naloweka usiku kucha, robo kilo tu kwa siku maana sukari yote imebaki humo. Tope linalotoka namwagia mchicha, lisiguse majani, mimina shinani.