Paka wa Bengal na Savannah mjini: namna ya kuwapa kazi na kuwazoesha watu

Anayenunua Bengal kwa ajili ya madoa yake huanza kulalamika baada ya miezi michache. Pazia limechanwa, bomba la jikoni limeachwa wazi, na saa tisa usiku paka analia mlangoni kama amefiwa. Paka huyo hana kichaa wala ukaidi. Ni mwindaji asiye na kazi, na asipopewa kazi atajitafutia.

Bengal alitokana na paka mdogo wa porini wa Asia aliyechanganywa na paka wa nyumbani. Savannah ana damu ya mondo, paka wa porini yuleyule anayeonekana katika hifadhi za Kidepo na Murchison hapa Uganda, ingawa mtoto wa kwanza wa Savannah alizaliwa Marekani mwaka 1986. Vizazi huandikwa kwa herufi F: F1 ni yule ambaye mzazi wake mmoja ni mnyama wa porini, F2 ni mtoto wa F1, na kuendelea. F1 hadi F3 si wa kukaa ghorofani Ntinda, mtaa wa Kampala. Mwenye nyumba ya kawaida, watoto na jirani wa ukuta mmoja achukue F5 au zaidi, na hata huyo atamtoa jasho.

Karatasi zitangulie pesa. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, humhesabu chotara sawa na mnyama wa porini ikiwa katika vizazi vinne vilivyopita kuna mzazi wa porini, kwa hiyo F1 mpaka F4 hawavuki mpaka bila vibali. Hapa Uganda wanyama wa porini wako chini ya sheria ya mwaka 2019 na mamlaka ya UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda). Mtu anayekuuzia “Savannah” bila hati yoyote ya ukoo huenda anakuuzia mtoto wa mondo aliyechukuliwa kichakani, na kesi itakuwa yako.

Windo lifike mwisho

Paka huwinda kwa mpangilio: ananyemelea, anakimbiza, anarukia, anauma, anakula, anajilamba, analala. Michezo mingi ya nyumbani humfikisha kwenye kukimbiza tu, kisha mtu anachoka na kurudi kwenye simu. Paka anabaki na moto ndani, na moto huo huishia kwenye kifundo cha mguu wako.

Kifaa bora ni rahisi mno. Chukua ufito wa mwanzi wa sentimita 90, ufunge kamba nyembamba ya mita moja, na mwishoni ufunge manyoya mawili ya kuku yaliyooshwa au kipande cha ngozi. Usimpungie usoni, maana hakuna panya anayekwenda mwenyewe mdomoni mwa paka. Chezesha unyoya ukimkimbia: upite nyuma ya mguu wa kochi, usimame, utetemeke kidogo, upotee chini ya zulia. Paka akijibana chini na kutikisa kiuno, subiri. Hapo ndipo anapofanya kazi ya kweli, na wengi hukosea kwa kuharakisha. Endelea dakika 10 hadi 15, dakika mbili za mwisho upunguze kasi, umwache akamate na kung'ata, halafu mpe chakula chake papo hapo. Atakula, atajilamba, atalala.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku, alfajiri kabla hujatoka na jioni giza linapoingia. Sisi wa ikweta tuna bahati, kwa kuwa jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima na ratiba haiyumbi. Anayelia usiku mara nyingi huponywa kwa windo la tatu, fupi, kabla ya wewe kulala, likifuatwa na sehemu ya chakula chake cha siku. Ukiamka kumlisha anapolia, umemfundisha kulia.

Taa ya leza itumike kwa uangalifu, kwani nukta haikamatiki. Ukiitumia, imalizie juu ya kipande cha nyama na usimmulike machoni. Ufito ukimaliza kazi ufungie kabatini. Uzi uliomezwa hukunja utumbo kama mshono uliovutwa, na tiba yake ni upasuaji. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nayo ni hatari hiyohiyo. Baadhi ya Bengal huitafuna kwa mapenzi makubwa.

Chakula kisipatikane bure

Pima chakula kikavu cha siku nzima kwa mizani ya jikoni, kufuatana na uzito ulioandikwa kwenye mfuko, kisha gawanya mafungu manne. Mafungu mawili yafuate windo. Moja litie kwenye chupa ya maji ya nusu lita uliyoitoboa matundu matatu, kila tundu kubwa kidogo kuliko punje, na kingo zake zilainishwe kwa msumari wa moto. La mwisho litawanye kwenye trei ya mayai na kufunika mashimo kwa mipira ya karatasi. Anza na matundu makubwa. Paka anayeshindwa mara ya kwanza huiacha chupa, hairudii tena, na watu husema “paka wangu hapendi michezo.”

Mukene, yaani dagaa, ni zawadi nzuri ya mafunzo, lakini uloweke, uoshe mchanga na chumvi, uchemshe. Posho na mukene peke yake havimtoshi paka anayekimbia namna hii. Anahitaji nyama, na moyo wa ng'ombe una taurini nyingi, kitu ambacho paka asipokipata moyo wake mwenyewe na macho huharibika.

Bengal wengi hupenda maji. Beseni lenye maji ya sentimita 4 na mpira mdogo ndani yake ni burudani ya nusu saa. Kwa sababu hiyohiyo, pipa la maji ya mvua na ndoo za kuhifadhi maji zifunikwe daima. Mtoto wa paka akitumbukia hawezi kupanda ukuta wa plastiki.

Juu, si chini

Nyumba ndogo yenye rafu ni kubwa kwa paka kuliko sebule pana isiyo na kitu ukutani. Mwambie fundi seremala akate mbao za upana wa sentimita 25, zipande kama ngazi: kila moja sentimita 40 juu ya nyingine na 45 pembeni yake, ya mwisho iwe mahali anapoona mlango. Gundisha mabaki ya zulia juu yake asiteleze. Ukuta wa matofali hushika skrubu na plagi vizuri. Ukuta wa jipsamu hapana, kwani paka wa kilo 5 akitua kwa kasi huwa mzito kuliko kilo 5.

Nguzo ya kukwarua iwe na urefu wa sentimita 90 za kamba angalau, ili ajinyooshe mwili mzima. Tumia mti wa mkaratusi mkavu, kipenyo cha sentimita 10, usiopakwa dawa ya mchwa, na usimamishe kwenye zege ndani ya karai kuukuu. Zungushia kamba ya katani ya unene wa sentimita moja. Kila mzunguko unakula karibu sentimita 35, kwa hiyo mizunguko 90 ni mita 31 na ushee, nunua 35. Nguzo ikitikisika siku ya kwanza, paka atarudi kwenye kochi, na kochi halitikisiki. Iweke karibu na pale anapolala, maana hukwarua anapoamka. Gurudumu la kukimbilia, ukiwa na fundi wa kuliunda, lisipungue kipenyo cha mita 1.2, la sivyo mgongo unapinda.

Usimwachie kuzurura nje. Mbali na mbwa, boda boda na magonjwa ya paka wa mtaani, jirani akiona kitu chenye madoa kikipita juu ya mabati usiku hatauliza ukoo wake. Vyuma vya dirisha havimzuii. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita mbili nyuma yake. Wavu wa mbu anauchana kwa dakika moja. Kwa matembezi, tumia mkanda wa kifua unaofunika mbavu, kidole kimoja tu kipite chini yake, na umzoeshe ndani siku kadhaa akila huku ameuvaa. Paka huchomoka kwa kurudi nyuma, basi mjaribu kwanza sebuleni. Kabla ya kutoka awe na chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, na usimpake dawa ya viroboto ya mbwa. Yenye permethrini huua paka.

Watu, kelele na wanyama wengine

Dirisha kubwa la paka kuzoea dunia ni kati ya wiki ya 2 na ya 7, yaani akiwa bado kwa mfugaji. Muulize: alilelewa sebuleni au kwenye kizimba nyuma ya nyumba? Alishikwa na watu wangapi? Mchukue akiwa na wiki 12 au zaidi, si kabla.

Akifika, mpe chumba kimoja kwa siku tatu hadi saba, chenye beseni la choo, maji mbali na choo, na kikapu cha safari kilichoachwa wazi. Mara mbili kwa siku mguse makucha, masikio na mdomo kwa sekunde chache, kila mguso ukifuatwa na kipande cha kuku. Sauti ya mvua kwenye mabati, jenereta na geti mrekodie kwenye simu, uzicheze kwa sauti ya chini anapokula, ukipandisha kidogo kila siku akiendelea kula. Mgeni asimkimbilie. Akae chini, atazame pembeni, arushe chakula, paka aamue. Dada wa kazi afundishwe hayohayo, kwa kuwa ndiye anayekaa naye mchana.

Mikono isiwe mchezo hata akiwa mdogo wa kuchekesha. Mkia ukianza kupiga, ngozi ya mgongo kutetemeka na masikio kulala, simama na uondoe mkono taratibu. Kumpiga humfundisha kukuogopa tu. Ahasiwe akiwa na miezi minne hadi sita, kabla hajaanza kunyunyizia ukuta mkojo. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hilo si suala la tabia.

Paka wa pili hutambulishwa kwa harufu kabla ya macho: badilishaneni vitambaa vya kulalia, kisha sahani pande mbili za mlango uliofungwa, kisha wavu, kisha dakika tano pamoja baada ya wote wawili kuchoka kwa windo. Wiki mbili ni haraka. Wengine huhitaji mwezi. Mabeseni ya choo yawe idadi ya paka pamoja na moja. Mbwa mtulivu aliyefungwa kamba huzoeleka. Kuku, sungura na kasuku hawazoeleki, hata paka akilala karibu nao mwaka mzima. Banda la kuku liwe na kufuli, maana komeo la kawaida Bengal hulifungua.