Kompyuta ya Mezani Inapopiga Kelele: Kutafuta Feni Yenye Kosa na Kuitengeneza

Kompyuta ya mezani inapoanza kunguruma, wengi hukimbilia kupuliza vumbi au kununua feni mpya, ilhali ndani ya kasha huwa mna feni tatu, nne au zaidi, na si ajabu ikawa hakuna hata moja iliyoharibika. Niliwahi kubadilisha feni ya prosesa ya mteja, nikafunga kasha kwa kujiamini, na kelele ikarudi vilevile kabla mashine haijamaliza kuwaka. Kumbe kamba ya plastiki iliyofungia nyaya ilikuwa imelegea, na ncha yake ikawa inagusa mapanga ya feni ya nyuma. Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla sijasikiliza, na mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo.

Hatua ya 1: Sikiliza ni kelele ya aina gani

Washa mashine ikiwa imepoa, isikilize kwa dakika kumi hivi, kisha ipe kazi nzito na uangalie sauti inavyobadilika. Mvumo mpana kama wa upepo, unaopanda kazi inapozidi na kushuka inapopungua, ni sauti ya hewa yenyewe: feni ni nzima, ila inalazimika kuzunguka kwa kasi kwa sababu joto haliondoki. Mlio wa tak-tak-tak unaokwenda sambamba na mzunguko hutokana na kitu kinachogusa mapanga. Mtetemo unaotulia mara tu unapobana ubavu wa kasha kwa kiganja ni wa skrubu zilizolegea.

Mkwaruzo ni jambo jingine, kwani mara nyingi ni beringi iliyochoka, yaani sehemu inayoushika mhimili wa feni unapozunguka. Dalili yake iliyo wazi ni kelele inayosikika mashine inapowashwa ikiwa baridi na kupotea baada ya dakika chache, kwa kuwa grisi iliyoanza kukauka hulainika kidogo ikipata joto. Ukiwa bado na shaka, zima mashine, ilaze kwa ubavu, kisha uiwashe tena; sauti ikibadilika au ikinyamaza, maana yake mhimili wa feni umehama kutoka mahali ulipozoea kukwaruza. Usiilaze ikiwa inafanya kazi, maana diski ya kuzunguka inaweza kuumia ikitikiswa.

Zipo pia sauti mbili ambazo watu huzisingizia feni. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaosikika hasa unapocheza mchezo wenye picha nzito, hutoka kwenye koili za kadi ya grafiki au za pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme kwa mashine nzima), na kwa kawaida hauna madhara. Kugonga kwa diski kuu ni hatari: ukikusikia, achana na feni na unakili mafaili yako kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta ni feni ipi

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki ipungue, na uguse chuma tupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Fungua ubavu wa kasha, rudisha umeme, uwashe, kisha viringisha karatasi nene iwe kama bomba, utege sikio upande mmoja na kuelekeza upande wa pili kwenye kila feni. Nywele ndefu, mikufu na mikono ya shati vikae mbali na mapanga.

Ili kuthibitisha, zima, chomoa plagi ya feni moja ya kasha, washa kwa dakika moja au mbili, na kama kelele imekwisha umeipata. Usifanye hivyo kwa feni ya prosesa, kwani prosesa hupata joto upesi, na mashine nyingi hutoa onyo au hukataa kuendelea kuwaka zisipoiona feni hiyo. Feni za kadi ya grafiki, kwa upande wake, mara nyingi husimama zenyewe kadi isipokuwa na kazi, kwa hiyo zisikilize kadi ikiwa imeelemewa.

Hatua ya 3: Ondoa vumbi

Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, zuia mapanga kwa kidole kabla ya kupuliza. Feni inayosukumwa na hewa kali huzunguka kupita kasi yake, ikaumiza beringi, na inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye ubao mama. Puliza kwa mipigo mifupi, na umalizie kwa brashi laini. Vumbi linalosumbua zaidi halionekani kwa juu: hujikusanya kama blanketi kati ya feni ya prosesa na mapezi ya alumini yaliyo chini yake, hivyo fungua feni hiyo peke yake, bila kung'oa kile kipande cha alumini. Ukikigandua, itakubidi ufute pesti ya joto ya zamani (krimu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye alumini) na kupaka mpya.

Hatua ya 4: Nyaya, skrubu na kasi

Funga nyaya mbali na mapanga, na ukaze skrubu bila kupitiliza.

Kama feni inavuma kwa nguvu wakati wote ingawa mashine imepoa, hesabu pini za plagi yake. Feni ya pini 4 hupokea amri ya kasi kupitia waya wa nne, lakini ya pini 3 hupunguzwa kasi kwa kushusha volti tu. Ukiichomeka hii ya pini 3 kwenye soketi iliyopangwa kwa feni za pini 4, hupata volti 12 kamili muda wote. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguliwa inapoanza kuwaka), ubadilishe mpangilio wa soketi hiyo uwe wa kudhibiti kwa volti. Hapohapo unaweza kulegeza kasi, ilimradi prosesa ikiwa na kazi nzito ibaki chini ya nyuzi 85 hivi za Selsiasi.

Hatua ya 5: Beringi iliyochoka

Feni yenye beringi ya bushi (bomba dogo lisilo na gololi) inaweza kupewa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko cha katikati. Mafuta ya kupikia huganda, yasitumike. Tone hilo hukununulia wiki au miezi, na mimi hulitumia tu ninaposubiri feni mpya. Unaponunua, pima upana wa fremu: za kasha huwa aghalabu milimita 80, 92, 120 au 140, kisha linganisha unene na idadi ya pini. Wakati wa kufunga, kumbuka kwamba hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota.

Feni ya pawa saplai haimo katika hatua hii. Kapasita zake huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo usiifungue. Ikikwaruza, badilisha pawa saplai nzima au mpelekee fundi aliyezoea kazi hiyo.