Kipeuo cha pili bila kikokotoo: anza na vigae, kaa kwenye kona

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha hesabu, mada ya vipeuo nilikuwa naianza kwa kuchora alama ya √ ubaoni. Naandika √25 = 5, naandika √36 = 6, kisha nageuka: "Haya, √30 je?" Nusu ya darasa walijibu 15. Siku ile niliwafokea, na leo naona haya kulisema. Alama yenyewe haikuwa imewaambia kitu, na kwa kuwa jina lina "cha pili" ndani yake, wakaona wagawe tu kwa 2.

Siku hizi alama ile haiingii darasani mwangu mpaka kipindi cha tatu. Tunaanza na vigae.

Kata kadibodi vipande vya sentimita 3 kwa 3, vipande 40 kwa kila kundi la wanafunzi wanne. Usitumie karatasi nyepesi. Mimi nilizitumia mara moja tu, upepo ukapita dirishani, na dakika kumi zilizofuata darasa zima lilikuwa chini ya madawati. Ukikosa kadibodi, karatasi ya miraba na penseli za rangi mbili zitafaa, ila nimeona mara nyingi kwamba mtoto anayehamisha kigae kwa mkono huelewa mapema kuliko anayepaka rangi.

Waambie wajenge mraba kwa vigae 9, halafu 16, halafu 25. Kila mara uliza mambo mawili: vigae ni vingapi kwa jumla, na upande mmoja una vingapi? Jibu la kwanza ni eneo. La pili ndilo kipeuo. Hapa Kiswahili chetu kimetega mtego wake: kipeo cha pili cha 5 ni 25, kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na kinachotenganisha ni herufi moja. Nawaambia, "U ya kipeuo ni U ya upande." Ujanja wa kitoto, najua, lakini hata wale wa miaka 14 nawasikia wakiunong'ona kwenye mtihani.

Sasa wape kila kundi vigae 30 na uwaambie wajenge mraba mkubwa kuliko wote wanaouweza. Kisha nyamaza. Watafika 5 kwa 5 na vigae 5 vitabaki mezani. Kundi moja halikosi kuvipanga vyote kama mstatili wa 5 kwa 6 na kutangaza kwamba wamemaliza. Waambie wahesabu pande zote mbili, watajirekebisha wenyewe.

Swali linalofuata ndilo uti wa mgongo wa somo zima: ili mraba huu wa 5 kwa 5 uwe wa 6 kwa 6, vinahitajika vigae vingapi zaidi? Wengi husema 5. Waliojitahidi husema 10. Usisahihishe. Waazime vigae waongeze: vitano upande wa kulia, vitano juu, na hapo kona ya juu kulia inabaki wazi. Kigae cha 11 ndicho kinachoiziba. Mtoto aliyeliona tundu hilo kwa macho yake hasahau tena kwamba kutoka namba mraba moja hadi inayofuata unaongeza upande, upande, na kona. Ndiyo maana nafasi kati ya 1, 4, 9, 16, 25 na 36 ni 3, 5, 7, 9 na 11, witiri tupu.

Kwa hiyo tuna vigae 5, na safari ya kufika 6 inataka 11. Kadirio la kwanza linajileta lenyewe: 5 na 5/11, karibu 5.45. Vitabu vingi huishia hapa. Mimi naona ndipo utamu unapoanza, kwa hiyo nagawa mikasi.

Waambie wakate katikati kila kimoja cha vile vigae vitano vilivyobaki. Sasa wana nusu 10, kila moja ina urefu wa kigae kizima na upana wa nusu. Tano wazipange kulia, tano juu, zikiwa zimelala ubavuni mwa mraba. Zinatosha kabisa, hakuna inayobaki wala inayopungua. Upande umekuwa 5.5. Lakini angalia kona: kuna kitundu cha nusu kwa nusu, yaani robo ya kigae, na hakuna cha kukijazia.

Mwaka mmoja binti wa mstari wa mbele alikitazama kitundu hicho kwa muda, akasema, "Mwalimu, huu si mraba. Umeng'atwa." Neno limebaki darasani mwangu tangu siku hiyo. Mraba kamili wa 5.5 unataka vigae 30.25, sisi tuna 30, basi √30 ni pungufu kidogo ya 5.5. Na lile kadirio la 5.45 nalo ni dogo mno. Kwa nini? Kwa sababu tulipogawa kwa 11 tulihesabu kana kwamba kona inajaa sawasawa na pande. Haijai hivyo. Ukanda ukiwa na upana wa nusu, kona yake ni robo tu. Ukiwa na upana wa theluthi, kona ni moja ya tisa. Tuliilipia kona zaidi ya inachokula.

Kwa hiyo mtoto ana namba mbili, moja chini na moja juu: gawa vigae vilivyobaki kwa 11 (pande mbili na kona) ujumlishe na 5 upate kadirio la chini, gawa kwa 10 (pande mbili bila kona) ujumlishe na 5 upate la juu. Jibu limebanwa kati ya 5.45 na 5.5. Kikokotoo husema 5.477.

Yule binti hakuridhika. Aliuliza kitundu kizibwe na nini, vigae si vimekwisha? Nikamwambia anyoe zile pande mbili za nje kidogo kidogo mpaka apate robo ya kigae ya kuzibia. Pande mbili za 5.5 zina urefu wa 11 kwa pamoja, 0.25 gawanya kwa 11 ni karibu 0.023, 5.5 toa 0.023 ni 5.477. Alipiga meza. Marekebisho hayo ni ya zamani mno: mwanahisabati Heron wa Alexandria, katika karne ya 1 BK, alikadiria kipeuo cha 720 kwa kuanza na 27, kwa kuwa 27 × 27 ni 729, akafika 26 na 5/6. Ukizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata 720 na 1/36. Kwa wanafunzi wa umri huu si lazima uende mbali hivyo, ila ukiwa na mmoja asiyeridhika, mpe.

Vigae vikishaeleweka, hamia kwenye mstari wa namba. Chora mstari mrefu kuanzia 0 hadi 10, na chini ya kila namba andika mraba wake: chini ya 5 weka 25, chini ya 6 weka 36. Kisha taja namba, kila mmoja aje aweke alama yake kwa chaki. Hapa nina mchezo mmoja: √30 iko karibu na 5 au na 6? Na √31? Wengi hudhani zote ziko upande mmoja. Lakini nusu ya njia ni 5.5, na tumeshauona mraba wake ni 30.25, kwa hiyo 30 iko upande wa 5 na 31 iko upande wa 6. Wakijaribu 12 na 13, au 90 na 91, mambo ni yale yale, na kuna siku mmoja atagundua kwamba mpaka uko kwenye 3 × 4, 5 × 6, 9 × 10. Usimwambie mapema.

Vigae vilivyobaki vikiwa vingi, rudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kwa √35 usijenge 5 kwa 5 ukabaki na 10. Jenga 6 kwa 6 na uondoe kigae kimoja. Upungufu wa 1 unagawanywa kwenye pande mbili za 6, yaani 12: 6 toa 1/12, karibu 5.917. Thamani halisi ni 5.916.

Namba ndogo zina tabu yake. Kwa √3 njia yetu inatoa kati ya 1.67 na 2, pengo ambalo tembo anapita. Dawa ni kukata kila kigae vipande 100, kumi kwa kumi. Vigae 3 vinakuwa vipande 300. Mraba mkubwa unaoenea ni wa 17 kwa 17, yaani 289, vinabaki 11. Gawa kwa 35, gawa kwa 34: upande uko kati ya 17.31 na 17.32 na ushee. Upande wa kila kipande ni sehemu ya kumi ya upande wa kigae, basi √3 ni karibu 1.73.

Karatasi hiyo hiyo ya kumi kwa kumi inaponya kosa jingine sugu, la kuandika √0.4 = 0.2. Waambie mraba mzima ni 1, wapake rangi vyumba 40, kisha wapake pembeni mraba wa 0.2 kwa 0.2. Wanapata vyumba vinne. Vinne! Huwa wanacheka. Wakijenga upya, 6 kwa 6 ni 36, vinabaki 4, na upande unatua karibu na 6.3, yaani 0.63. Kipeuo kimekuwa kikubwa kuliko namba yenyewe, na hawashangai kwa sababu wamekiona.

Ukipata kipindi cha ziada, chora miraba iliyoinama kwenye karatasi ya miraba ya sentimita moja. Kutoka kona moja nenda 3 kulia na 2 juu, kisha 2 kushoto na 3 juu, uendelee hivyo mpaka mraba ufunge. Uzungushie kisanduku cha 5 kwa 5, toa pembetatu nne za eneo 3 kila moja: 25 toa 12 ni 13. Weka rula kwenye upande ulioinama. Inasoma sentimita 3.6 hivi, na hiyo ndiyo √13, imelala pale kwenye daftari.

Kikokotoo nakiruhusu kipindi cha nne. Sharti ni kwamba kila mmoja aandike kwanza makadirio yake mawili, la chini na la juu, ndipo abonyeze. Na aandike kwa kalamu ya wino, kwa sababu wenye penseli nimeshawajua.