Ukishtakiwa kwa deni la kadi ya mkopo, jibu kwa maandishi

Hati ya wito kutoka mahakamani ikikufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea, kisha tafuta siku ulizopewa kujibu. Kumpigia simu mdai na kuahidi kulipa si jibu. Kinachohesabika ni utetezi wa maandishi uliowasilishwa mahakamani. Ukinyamaza, hukumu ya upande mmoja inaweza kutolewa hata kama kiasi kimekosewa, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Jibu madai aya kwa aya: unakubali, unakataa, au huna taarifa za kutosha. Deni likiwa limeuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, itake ionyeshe hati ya uhamisho wa deni inayotaja akaunti yako, mkataba, na taarifa za kila mwezi zinazoonyesha riba na faini zilivyojumlishwa. Zilinganishe na risiti zako mstari kwa mstari.

Angalia pia tarehe uliyolipa deni hilo kwa mara ya mwisho. Muda wa kisheria wa kudai ukiwa umepita, lieleze hilo kwenye utetezi, maana zipo mahakama ambazo hazitaliangalia usipolitaja. Kabla ya kujua kama muda huo umepita, usilipe hata kidogo. Kwingi malipo madogo huanzisha muda upya.

Nakala moja ya utetezi ipeleke mahakamani, moja kwa mdai, ya tatu ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri.